Kivuli Kiende Upande Gani? Mjadala Juu ya Grafu za Masharti ya Aljebra

Hoja iliyo mezani ni fupi: mwanafunzi anapochora grafu ya masharti kadhaa ya aljebra, apake kivuli upande usiotakiwa, na eneo la jibu libaki jeupe. Kwa mtu aliyeagana na hisabati siku alipomaliza mtihani, huu ni ugomvi wa penseli tu. Lakini walimu hawajakubaliana juu yake, wala vitabu. Nchini Kenya maswali ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, huagiza mara nyingi kwamba kivuli kiwekwe kwenye eneo lisilotakiwa. Vitabu vya Marekani humfundisha mtoto kinyume chake, apake pale penye jibu. Uingereza utaikuta mitindo yote miwili, ili mradi eneo la jibu liwekwe alama. Hisabati yenyewe haina upendeleo. Eneo ni lilelile, lipakwe au lisipakwe. Ubishi ni juu ya jicho la anayesoma na mkono wa anayechora. Mimi nausimamia mtindo wa kwanza, na wapinzani wangu nitawaacha waseme kwa nafasi, maana mmoja wao ana hoja itakayonilazimisha niifanyie yangu marekebisho kabla ya kura.

Tuanze na mfano, kwa kuwa mjadala wa grafu bila grafu ni porojo. Mkulima ana ekari 12 na shilingi milioni 3 za kuendeshea msimu, na anataka kulima mahindi na alizeti. Tuseme ekari ya mahindi inamgharimu laki 3, ya alizeti laki 2, na ni lazima alime mahindi ekari zisizopungua 4 ili nyumbani wapate chakula. Ekari za mahindi tuziite x, za alizeti y. Masharti yanakuwa manne: x + y ≤ 12, kwa kuwa shamba lina mpaka, 3x + 2y ≤ 30, kwa kuwa fedha nazo zina mpaka, x ≥ 4, na y ≥ 0, kwa kuwa hakuna anayelima pungufu ya sifuri. Kila sharti lina mstari wake, na mistari hiyo minne inazungushia umbo la pembe nne lenye kona (4, 0), (10, 0), (6, 6) na (4, 8). Ndani ya umbo hilo, ukihesabu ekari kamili tu, mna mipango 36, na yote inamfaa mkulima huyu kwa maana ya kutovunja sharti lolote. Mwanafunzi aliyezoea milinganyo hukwama hapa. Akitatua x + y = 12 na 3x + 2y = 30 anapata nukta moja, (6, 6), anaipigia mstari chini na kufunga daftari. Kumbe ameulizwa habari za uwanja mzima, yeye amejibu habari za kona yake moja.

Sasa tumpe penseli na tumwambie apake upande unaotakiwa, sharti moja baada ya jingine. Anapaka kulia kwa mstari x = 4. Anapaka juu ya mhimili wa x. Anapaka chini ya mstari wa shamba, kisha chini ya mstari wa fedha. Akimaliza, ukiitazama karatasi yake, hakuna hata mraba mmoja uliobaki mweupe. Nukta (0, 0), ambayo si jibu kwa sababu familia italala njaa, ina tabaka tatu za kivuli. Nukta (5, 3), ambayo ni jibu, ina tabaka nne. Anayesahihisha, na mwanafunzi mwenyewe, wanatakiwa wapambanue tatu na nne katika michirizi ya penseli HB iliyopishana kila upande, na pengine kifutio kimeshapita hapo mara mbili. Akipaka upande usiotakiwa, kazi inabadilika: eneo la jibu halina mchirizi hata mmoja, na kila mahali pengine pana angalau mmoja. Kutofautisha sifuri na moja hakuhitaji macho makali.

Na kosa la kutopambanua tatu na nne lina gharama inayohesabika. Kati ya mstari wa shamba na mstari wa fedha kuna pembetatu nyembamba yenye kona (6, 6), (10, 0) na (12, 0). Shamba linaikubali, mahindi yanatosha, fedha tu ndizo zinazoikataa. Kwa hiyo katika mtindo wa kupaka jibu ina tabaka tatu, nayo imegusana kabisa na eneo lenye nne. Mwanafunzi akiimeza pembetatu hiyo ndani ya jibu lake, kona (12, 0) inakuwa halali machoni pake. Tuseme faida ni laki 5 kwa ekari ya mahindi na laki 4 kwa ekari ya alizeti. Kona za kweli zinatoa laki 20, 50, 54 na 52, na iliyo bora ni (6, 6). Kona ya uongo inatoa laki 60, inazishinda zote, na mwanafunzi anaichagua kwa furaha. Mkulima anashauriwa alime ekari 12 za mahindi kwa gharama ya laki 36, naye mfukoni ana 30.

Mpinzani wa kwanza anafundisha kidato cha pili, na anazungumza kwa niaba ya watoto wake. “Ndugu mtoa hoja, mtoto huyu amekuja kwangu kutoka kwenye mstari wa namba. Huko tulimwambia, x > 3 ikionyeshwa, aweke duara tupu juu ya 3 na avute mshale kwenda kulia, mahali zilipo namba zinazofaa. Alichokiwekea alama ndicho jibu. Leo anafika kwenye grafu ya x na y, unamwambia alichokiwekea alama ndicho kisicho jibu. Umemgeuzia dunia. Tena kuna jambo la kibinadamu: mtu akitafuta kitu akakipata, hukionyesha kwa kidole; haonyeshi pale ambapo hakukipata.”

Sehemu ya hoja hii ni ya kweli, na sitajaribu kuipindisha. Mabadiliko yapo na yanahitaji kuelezwa. Lakini tuangalie mstari wa namba unavyofanya kazi. Mshale wa jibu hauchorwi juu ya namba zenyewe; unachorwa pembeni, umeinuliwa kidogo, na namba zinabaki zikisomeka. Yakiwa masharti mawili, mishale inapangwa mmoja juu ya mwingine na kila mmoja unaonekana peke yake. Karatasi ya grafu haina nafasi hiyo ya pembeni. Ina pande mbili tu, na zote zimeshatumika, moja kwa x na nyingine kwa y, kwa hiyo chochote unachopaka unakipaka juu ya nukta zenyewe. Kivuli cha jibu kinafunika gridi, kinafunika namba, na kinafunika kona, wakati kona ndizo mwanafunzi atakazohitaji kuzisoma katika swali linalofuata. Mtindo ulioufaa mstari wa namba unakosa pa kukaa kwenye grafu. Mwalimu akitumia dakika tano kulionyesha hilo kwa masharti mawili ubaoni, kwanza kwa mtindo mmoja kisha kwa mwingine, wanafunzi watajionea wenyewe kwa nini wanabadilishiwa.

Hilo la kidole nalikubali pale ambapo sharti ni moja tu. Grafu ya y ≥ 2x − 1 peke yake ipakwe utakavyo. Haina tabaka za kukuchanganya. Tabu ni kwamba mwanafunzi anayejengewa mazoea kwa wiki tatu kwenye sharti moja huingia nayo kwenye masharti manne, na mazoea hayang’oki kwa tangazo. Heri aanze na mtindo atakaomaliza nao.

Mpinzani wa pili ni mwanafunzi, na malalamiko yake ni ya vitendo. “Mwalimu, mimi nakumbuka kanuni moja tu: kubwa kuliko, napaka juu, ndogo kuliko, napaka chini. Mkianza habari za upande usiotakiwa, itabidi nikumbuke kanuni halafu niigeuze. Nitaigeuza mara mbili, au nitasahau kuigeuza.”

Namshukuru kijana huyu, kwa sababu ameweka wazi ugonjwa ambao mitindo yote miwili imekuwa ikiuficha. Kanuni yake si salama hata kabla ya kugeuzwa. Chukua 2x − 3y < 6. Alama inasema ndogo kuliko, naye atakimbilia chini ya mstari. Lakini akitaka y ibaki peke yake lazima agawe kwa −3, na kila anayegawa kwa namba hasi anajua alama inageuka: y > (2/3)x − 2. Jibu liko juu ya mstari. Kanuni ya juu na chini ina uhakika tu pale y ilipokwisha kutengwa upande wa kushoto bila namba hasi mbele yake, na watunzi wa mitihani wanalijua hilo vizuri sana. Na kwa sharti kama x ≥ 4, ambalo mstari wake umesimama wima, juu na chini hazipo kabisa.

Dawa ni kupima nukta. Chagua nukta yoyote isiyo juu ya mstari, ingiza namba zake katika sharti, uone kama linasimama au linaanguka. Kwa 2x − 3y < 6 nukta (0, 0) inatoa 0 < 6, ambayo ni kweli; basi upande wenye (0, 0) umekubaliwa wote, na ule mwingine umekataliwa wote. Mstari ukipita kwenye (0, 0) yenyewe, kama y > 2x, chukua (1, 0): 0 > 2 ni uongo, upande huo umekataliwa. Kupima nukta moja kunatosha kwa sababu ukitembea kwenye karatasi bila kuuvuka mstari, tofauti kati ya pande mbili za sharti haiwezi kupita sifuri, kwa hiyo haiwezi kugeuka kutoka kweli kuwa uongo. Anayeelewa sentensi hiyo hahitaji kanuni ya juu na chini, na wala hana cha kugeuza. Anauliza swali moja, nukta hii inakubalika au haikubaliki, na penseli inaenda panapokataliwa. Nitaongeza kwamba mtindo huu unaendana na sharti lenyewe linavyofanya kazi. Sharti la fedha halimwambii mkulima alime nini. Linamwambia asichoweza kulima. Kila sharti jipya linafuta mipango fulani, na iliyosalia baada ya yote kupita ndiyo jibu. Mchirizi wa penseli kwenye upande uliokataliwa ni ule mfuto ukifanyika mbele ya macho.

Juu ya mipaka nitasema kidogo tu, kwa kuwa hapa mitindo yote miwili ina kanuni moja. Alama ikiwa ≤ au ≥ mstari unachorwa bila kukatika, kwa kuwa nukta zake zimo ndani ya jibu. Ikiwa < au > unachorwa kwa vitone, kwa kuwa hazimo. Katika mtindo wa kuacha jibu jeupe faida iliyopo ni ndogo lakini ipo: mpaka unaonekana vizuri kwa upande mmoja, haujazama katikati ya michirizi pande zote mbili.

Mpinzani wa tatu ana simu mkononi. “Mjadala huu umepitwa na wakati. Fungua Desmos au GeoGebra, andika x + y ≤ 12, na programu inapaka yenyewe, tena inapaka upande wa jibu. Mtoto wa leo atakutana na grafu kwenye kioo kabla ya kukutana nayo kwenye karatasi. Mnataka shule imfundishe kinyume cha chombo anachokitumia?”

Chombo kina rangi zinazopitisha mwanga, penseli haina. Desmos inaweza kuweka bluu juu ya nyekundu na ukaona zambarau, na hata hivyo yakifika masharti manne kinachobaki katikati ni rangi ya tope, na mtumiaji anaanza kuzima sharti moja moja ili aone yuko wapi. Isitoshe, programu hizi hazina msimamo katika ubishi wetu, zinapaka ulichoandika. Geuza alama, andika x + y > 12, na itapaka upande uliokataliwa. Ukiyageuza yote manne, eneo la jibu linabaki jeupe kwenye kioo kama lilivyobaki kwenye karatasi. Zoezi hilo lina manufaa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwanafunzi anayeandika kinyume cha x + y ≤ 12 lazima ajiulize kama kinyume chake ni > au ≥, na wengi wanakosea hapo.

Mpinzani wa nne anakuja kwa heshima zote za mtu mzima wa takwimu. “Mwalimu mwenzangu, hebu tuseme ukweli. Kazi zote hizi ni za vigezo viwili, x na y. Duniani matatizo yana mamia ya vigezo, na hakuna karatasi ya kuyachora. Kama grafu ni kitu cha kuchezea, ya nini kubishana juu ya rangi yake?”

Ushahidi wake ni mzito kuliko anavyoudai mwenyewe. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alichapisha hesabu ya mlo wa bei ndogo kabisa unaoweza kumtosheleza mtu mzima kwa mwaka. Alikuwa na vyakula 77 na mahitaji 9 ya lishe, kila hitaji likiwa sharti la kutopungua kiwango fulani. Grafu ya vigezo 77 haichoreki. Stigler alichuja orodha yake kwa busara na majaribio, akafika dola 39.93 kwa mwaka kwa bei za 1939: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Mwaka 1947 mwanahisabati George Dantzig alitunga njia ya simpleksi ya kutatua maswali ya aina hiyo, na swali la Stigler likawa jaribio lake kubwa la mwanzo. Makarani tisa wenye mashine za mezani walilifanyia kazi inayolingana na siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Makisio ya Stigler yalikuwa yamepitiliza kwa senti 24 tu.

Lakini tuulize njia ya simpleksi inafanya nini. Inasimama kwenye kona moja ya eneo la majibu, inaangalia kingo zinazotoka hapo, inafuata ule unaoboresha hesabu, inafika kona nyingine, na inarudia hadi pasiwe na ukingo wa kuboresha. Kona na kingo za umbo la vigezo 77 hakuna aliyewahi kuziona kwa macho. Anayejua kwamba jibu bora linapatikana kwenye kona amejifunza wapi? Kwenye vigezo viwili. Ukichukua mstari wa faida 5x + 4y na kuusukuma kuelekea nje juu ya eneo la mkulima wetu, nukta ya mwisho unayoigusa kabla ya kutoka ni (6, 6), na mwanafunzi anayesukuma rula yake juu ya karatasi anaona kwa nini haiwezi kuwa nukta ya katikati. Huo ndio msingi ambao makarani wale tisa walikuwa wakiutumia bila picha. Na rula inahitaji kona zinazoonekana. Mpinzani wangu ametoa sababu bora ya kuacha eneo jeupe kuliko zote nilizokuwa nazo mwenyewe.

Amebaki wa tano, ambaye nilimtaja mwanzoni. Hana maneno mengi. “Chuo kinatoa nafasi kwa mwombaji aliyepata alama 60 au zaidi katika hisabati, au 60 au zaidi katika fizikia. Hisabati ni x, fizikia ni y. Tumia mtindo wako.” Tunautumia. Sharti la kwanza linakataa x < 60, tunapaka. La pili linakataa y < 60, tunapaka. Eneo lililobaki jeupe ni la waliopata 60 katika masomo yote mawili, na mwombaji mwenye 80 ya hisabati na 40 ya fizikia amefukuzwa langoni ilhali kanuni inamkubali.

Hapa mtindo wangu unashindwa, na unashindwa kabisa. Umejengwa juu ya neno “na”: kila sharti lina nguvu ya kukataa peke yake, kwa hiyo mchirizi mmoja unatosha kumwondoa mtu. Penye “au” hakuna sharti lenye nguvu hiyo. Anayekataliwa ni yule tu aliyekataliwa na yote, na upande wa kupaka ni ule unaotakiwa, maana huko tabaka moja inatosha kuingiza. Tena “au” haiji siku zote ikiwa imejitaja. Imejificha ndani ya x² > 9, ambayo maana yake ni x < −3 au x > 3. Imejificha ndani ya xy > 0, ambayo inakubaliwa na robo ya kwanza na ya tatu za grafu, na ambayo ukiipakia nusu zilizokataliwa moja moja itakuachia karatasi nyeusi yote isiyo na jibu hata moja. Mwalimu anayetangaza darasani kwamba kivuli ni cha upande usiotakiwa, bila kusema lini, atakuwa amewapa wanafunzi kanuni ya juu na chini kwa jina jingine.

Kwa hiyo hoja inarudi mezani ikiwa na maneno mengine: masharti yakiunganishwa kwa “na”, kivuli kiende upande usiotakiwa, yakiunganishwa kwa “au”, kiende upande unaotakiwa, na chini ya kila grafu, iwe ya kitabu, ya ubao au ya mtihani, uandikwe mstari mmoja unaosema kivuli kinamaanisha nini. Maswali ya programu za mstari, yaani ya kutafuta jibu bora chini ya masharti kama ya mkulima wetu, wanayokutana nayo watahiniwa wa kidato cha nne, Kenya na Tanzania, karibu yote ni ya “na”, kwa hiyo kwao sehemu ya kwanza itafanya kazi kubwa zaidi. Mpinzani wa kwanza bado anaweza kupiga kura ya hapana kwa ajili ya watoto wake wa kidato cha pili, na sina cha kumlaumu, mradi ule mstari mmoja chini ya grafu asiuache.